Kwa Kaizari, kwa Kiwanda au kwa Picha: Namna ya Kupanga Sarafu Ndogo za Bronzi za Roma ya Karne ya 4

Sarafu ndogo za bronzi zilizofuliwa katika Dola la Roma kati ya mageuzi ya fedha ya Kaizari Diocletianus ya mwaka 294 hivi na yale ya Anastasius ya mwaka 498 ni miongoni mwa vitu vichache vya kale ambavyo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuvimiliki kihalali. Zilitengenezwa kwa mamilioni, zikafukiwa kwa maelfu, na nyingi zimetufikia zikiwa bado zinasomeka. Wingi huohuo ndio unaomkwamisha anayeanza, kwa kuwa akinunua kila inayompendeza atajikuta na mkusanyo usio na uzi wowote wa kuushikilia. Ni vema aamue mapema azipange kwa msingi gani: kwa watawala waliochorwa upande wa uso, kwa viwanda vilivyozifua, au kwa picha za upande wa nyuma. Nimezilinganisha njia hizi tatu hapa kwa mtu mwenye fedha za kiasi na subira ya kutosha, na tangu sasa niseme wazi kwamba mimi naegemea viwanda.

Kabla ya kulinganisha, ukubwa wa sarafu zenyewe hauna budi kufahamika, maana ndio unaoamua mambo mengi yatakayofuata. Sarafu ya Diocletianus ilikuwa na uzito wa karibu gramu 10 na upana wa milimita 27 hivi, tena ilipakwa utando mwembamba wa fedha. Kufikia mwaka 330 uzito ulikuwa umeshuka hadi gramu 2.5, na miaka sita baadaye gramu 1.5 tu. Mwishoni mwa karne ya 4, chini ya Theodosius na wanawe, sarafu iliyozagaa zaidi ilikuwa na upana wa milimita 13 na uzito wa gramu moja au zaidi kidogo. Kadiri sarafu ilivyopungua ndivyo maandishi yalivyobanwa, na mara nyingi nusu yake yaliangukia nje ya kipande cha chuma. Anayechagua njia inayotegemea kusoma maandishi yote atateseka zaidi kadiri anavyosogea kuelekea karne ya 5.

Njia ya watawala ndiyo inayowavutia wengi mwanzoni, na sababu yake ni njema. Ukoo wa Constantinus Mkuu peke yake unajaza trei nzima: mama yake Helena, mkewe Fausta, mwanawe mkubwa Crispus, wanawe wengine watatu waliorithi dola, na wapwa zake. Crispus alikuwa Kaizari mdogo tangu mwaka 317 hadi mwaka 326, alipouawa kwa amri ya baba yake, na sarafu zake zinakatika papo hapo. Fausta aliuawa mwaka huohuo. Constantinus alipofariki tarehe 22 Mei 337, ndugu kadhaa wa ukoo huo waliuawa katika miezi iliyofuata, akiwamo Delmatius, ambaye alikuwa amepewa cheo miaka miwili tu kabla yake. Mtu akizipanga sarafu hizi kwa mfuatano, anaiona siasa ya dola kwa macho, na anaweza kumweleza mgeni yeyote habari ya kila kipande bila kumchosha. Mwalimu wa historia anayetaka kitu cha kuwashikisha wanafunzi wake hatapata njia bora kuliko hii.

Hata hivyo njia hii ina kasoro mbili ambazo hazionekani mpaka mtu awe ameshaingia. Ya kwanza ni adimu zake. Hanniballianus, mpwa wa Constantinus aliyepewa cheo cha mfalme, alifuliwa sarafu Konstantinopoli peke yake kwa kipindi kifupi kabla ya kuuawa mwaka 337, na kipande chake chenye picha ya mungu wa mto Frati kinagharimu mara nyingi zaidi ya kipande cha kawaida cha binamu zake. Nepotianus alitawala Roma kwa siku 28 tu katika Juni 350. Mkusanyaji wa watawala huanza kwa furaha, hujaza nafasi za wepesi kwa haraka, kisha hukaa miaka mingi akizitazama nafasi zilezile tupu ambazo mfuko wake hauzifikii. Kasoro hiyo huvumilika kwa mtu aliyejua tangu mwanzo kwamba hatamaliza.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, nayo inahusu kutambua. Tangu mwaka 330 hivi nyuso za sarafu hizi hazikukusudiwa kumfananisha mtu fulani. Kaizari mkuu huvaa utepe wa vito kichwani, wanawe huvaa taji la majani, na zaidi ya hapo kijana mmoja hutofautiana na mwenzake kwa jina tu. Nayo majina yenyewe ni CONSTANTINVS, CONSTANTIVS na CONSTANS. Chukua kipande kilicholika ukingoni, ambacho kinasomeka CONSTAN na kuishia hapo: kinaweza kuwa cha baba au cha yeyote kati ya wana watatu, na ukihesabu Constantius Gallus wa miaka ya 351 hadi 354 wanakuwa watano. Gallus angalau hujulikana kwa kichwa kitupu kisicho na utepe wala taji. Wale wengine humlazimu mtu kutafuta kama baada ya N kuna T au S, kama nyuma ya sikio panaonekana fundo la utepe, na kama cheo kinaishia kwa AVG, yaani kaizari mkuu, au NOB C, yaani kaizari mdogo. Kwa sarafu safi kazi hiyo ni tamu. Kwa sarafu za bei ya chini, ambazo ndizo tunazozizungumzia hapa, mara nyingi haina jibu, na sarafu isiyo na jibu haina mahali pa kukaa katika trei ya watawala.

Hapo ndipo njia ya viwanda inapoanza kuonyesha uzuri wake. Chini ya picha ya upande wa nyuma, chini ya mstari ambao wahusika wamesimama juu yake, kiwanda kiliandika alama yake kwa herufi chache. TR ni Trier, SIS ni Siscia katika Kroatia ya leo, TS ni Thesalonike, CONS kwa kawaida ni Konstantinopoli, SMN ni Nicomedia, SMK ni Cyzicus, SMAN ni Antiokia, na SMAL ni Aleksandria ya Misri. Herufi S na M zinazotangulia zinasimama badala ya maneno ya Kilatini ya fedha takatifu, yaani fedha ya kaizari. Baada ya jina la mji huja alama ya karakana ndani ya kiwanda: upande wa magharibi walitumia P, S, T na Q, herufi za kwanza za kwanza, pili, tatu na nne kwa Kilatini, na upande wa mashariki walihesabu kwa herufi za Kigiriki.

Tuisome moja kwa ukaribu. Upande wa uso kuna kijana mwenye taji la majani na vazi la vita, anaangalia kulia, na maandishi ni CONSTANTINVS IVN NOB C, yaani Constantinus mdogo, Kaizari mtukufu. Upande wa nyuma wanasimama askari wawili wakitazamana, kila mmoja ameshika mkuki na kuegemeza mkono kwenye ngao, na kati yao kuna bendera mbili za jeshi. Maandishi yanayozunguka ni GLORIA EXERCITVS, utukufu wa jeshi. Chini ya mstari kuna herufi tano: SMALA. Basi tumejua kwamba kipande hiki kilitoka karakana ya kwanza ya Aleksandria, na kwa kuwa bendera ni mbili tunajua kwamba kilifuliwa kati ya mwaka 330 na 335, maana baada ya hapo uzito ulipunguzwa na bendera ikabaki moja. Hata kama jina la upande wa uso lingekuwa limefutika kabisa, mji na kipindi vingebaki vilevile, na sarafu ingekuwa na nafasi yake. Sioni njia nyingine inayokiheshimu hivi kipande kilicholika.

Faida nyingine ni kwamba safari hii ina mwisho unaofikika. Sarafu ya askari wawili na bendera mbili ilifuliwa katika viwanda 13: Trier, Lyon, Arles, Roma, Aquileia, Siscia, Thesalonike, Heraclea, Konstantinopoli, Nicomedia, Cyzicus, Antiokia na Aleksandria. London ilikuwa imekwisha kufungwa miaka michache kabla yake, na vivyo hivyo Ticinum na Sirmium. Mtu anaweza kuvikamilisha viwanda vyote 13 bila kununua hata kipande kimoja cha bei ya kutisha, ingawa Aquileia itamsubirisha, kwa kuwa ilirudi kazini mwaka 334 na ikawa na muda mfupi wa kufua aina hiyo. Akiweka trei yake mezani, ana mbele yake ramani ya dola kutoka mto Moselle hadi mto Nile, imechorwa kwa picha moja iliyorudiwa na mikono ya mafundi mbalimbali. Arles inajulikana mara moja, si kwa herufi CONST pekee, ambazo zinatokana na jina jipya la Constantina ulilopewa mji huo, bali pia kwa matoleo yenye alama ya Kristo kati ya bendera.

Kwamba sarafu hizi zilisafiri, hilo halina shaka. Mwaka 2023 serikali ya Italia ilitangaza kupatikana kwa sarafu za bronzi kati ya 30,000 na 50,000 baharini karibu na Arzachena, kaskazini mashariki mwa Sardinia, zote za miaka ya 324 hadi 340. Ndani yake mlikuwa na kazi za karibu viwanda vyote vya wakati huo, ila Antiokia na Aleksandria hazikuwamo. Habari kama hiyo mkusanyaji wa viwanda huisoma kwa macho tofauti kabisa na mkusanyaji wa watawala, kwa sababu inamwambia fedha ilivyotembea, kutoka wapi hadi wapi, na wapi haikufika.

Kasoro za njia hii nazo zisemwe. Alama iko sehemu ya chini kabisa, mahali panapolika mapema na ambapo kipande kilichogongwa upande hupoteza herufi kwanza. Mnunuzi analazimika kudai picha inayoonyesha sehemu hiyo, na kuacha sarafu nyingi nzuri ambazo alama zao hazipo. Pili, kwa mtu wa nje vipande 13 vya askari wawili ni kitu kilekile kimerudiwa mara 13, na hakuna maelezo yatakayomfanya avione vingine kwa siku moja. Tatu, kuna kishawishi cha karakana. Konstantinopoli ilikuwa na karakana 11, na kila moja inaweza kutafutwa, tena kwa kila mtawala, tena kwa kila nukta, nyota au tawi la mtende lililoongezwa kutofautisha toleo na toleo. Ushauri wangu ni kukamilisha miji kwanza na kuyafungia macho mengine mpaka hapo.

Njia ya picha ndiyo nyepesi kuliko zote, na kwa anayekusanya ili kufurahisha macho hakuna haja ya kwenda mbali. Mbwamwitu anayewanyonyesha Romulus na Remus kwenye sarafu za VRBS ROMA zilizoanza mwaka 330, lango la kambi lenye minara miwili la miaka ya 324 hadi 330, fahali mkubwa wa Kaizari Julianus mwenye nyota mbili juu yake, na gari la farasi wanne linalompandisha Constantinus mbinguni huku mkono ukishuka kumpokea, kila kimoja kinatosha kupendwa bila maelezo. Tajiri zaidi ni kundi la FEL TEMP REPARATIO lililoanza mwaka 348, ambao kwa hesabu ya jadi Roma ilitimiza miaka 1,100. Lina ndege wa moto aliyesimama juu ya tufe, kaizari ndani ya merikebu huku Ushindi, mungu wa kike wa Roma, akishika usukani, askari anayemtoa mtu mdogo kwenye kibanda chini ya mti, na askari anayemchoma mkuki adui aliyeanguka na farasi wake. Adui huyo hutofautiana: pengine ameketi chini, pengine amemkumbatia farasi shingoni, pengine amegeuka na kunyoosha mkono nyuma. Vipande vya mwanzo vilikuwa na gramu 5 na zaidi kwa baadhi ya picha, kwa hiyo fundi alipata nafasi ya kuchonga hata vitu vidogo vya picha.

Lakini picha kubwa za kweli si nyingi, na baada ya kuzipata mkusanyaji hana pa kwenda ila kutafuta vipande safi zaidi vya kitu alichonacho. Tena picha ya adui aliyeanguka iliigwa mno Uingereza na Gaul katika miaka ya 350, na vipande vingi vidogo vyenye herufi za ovyo si kazi ya kiwanda chochote cha kaizari. Baadhi ya watu huvikusanya hivyo kwa makusudi, na nawaelewa, ila anayeanza na asiyejua atadhani amepata sarafu rasmi.

Njia uliyochagua inaamua pia ununue vipi. Kuna sarafu zilizosafishwa na kutambuliwa, zinazouzwa moja moja, na kuna mafungu ya sarafu zenye udongo, zinazouzwa kwa wingi. Kwa anayefuata watawala au picha, fungu la udongo ni hasara karibu kila mara, kwa kuwa vipande bora vilishachambuliwa kabla hayajamfikia. Kwa anayefuata viwanda linaweza kuleta maana, maana sarafu nyingi hazikwenda mbali sana na zilikotoka: udongo wa Uingereza huleta zaidi Trier, Lyon na Arles, ule wa Balkani huleta Siscia, Thesalonike, Heraclea na miji ya jirani, na ule wa Shamu huleta Antiokia na Aleksandria. Kuzisafisha ni kazi ya maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, mswaki laini, kijiti na wiki nyingi za kungoja. Umeme na tindikali huondoa udongo haraka, na pamoja nao huondoa gamba la kijani au kahawia ambalo ndilo lililobeba herufi, ukishaliondoa halirudi.

Kuna jambo la mafungu hayo ambalo siwezi kulipita kimya. Sehemu kubwa ya udongo unaouzwa hauna karatasi yoyote ya kueleza ulikotoka, na nchi kama Uturuki, Misri na Bulgaria zinazuia sarafu zilizofukuliwa kutolewa nchini bila kibali. Kinyume chake kipo. Huko Seaton Down, katika jimbo la Devon, mtu mwenye kifaa cha kutambua madini alipogundua hazina mwaka 2013 aliiacha mahali pake na kuwaita wanaakiolojia, nao wakafukua sarafu 22,888 kwa utaratibu, zikaandikwa, na leo tunajua zilifukiwa lini na pamoja na nini. Sheria ya hazina ya Uingereza ya mwaka 1996 inahesabu sarafu 10 au zaidi za madini ya kawaida kutoka mahali pamoja kuwa hazina ya kutolewa taarifa. Bora kulipa zaidi kwa kipande kimoja chenye historia ya minada na wamiliki wa zamani kuliko kuchukua kilo ya udongo usiojulikana, na hili nalisema kwa njia zote tatu.

Katika kutambua, njia ya viwanda ina msaada ulio bora. Orodha kuu ya Kiingereza ya sarafu za makaizari, inayoitwa Roman Imperial Coinage, kuanzia juzuu ya 6 hadi ya 9 imepangwa kiwanda kwa kiwanda, kwa hiyo anayeijua alama ya mji anafungua ukurasa unaohusika moja kwa moja. Nayo hifadhidata ya OCRE ya American Numismatic Society hutoa orodha hiyohiyo bure kwenye intaneti, na inakubali kutafuta kwa kiwanda, kwa mtawala na kwa maneno ya ukingoni.

Kwa msomaji wa Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam au Maskati hewa ya bahari ni adui ambaye mkusanyaji wa Nairobi hamjui sana. Chumvi ya kloridi iliyojificha ndani ya bronzi ikikutana na unyevu huzalisha unga mwepesi wa kijani unaokula chuma mpaka ndani. Kagua kila kipande kwa lenzi kinapofika, kiweke kando kikiwa na unga huo, na uzihifadhi zilizobaki katika kisanduku kinachofunga vizuri chenye vifuko vya silika jeli vinavyokaushwa mara kwa mara. Epuka vifuko laini vya plastiki ya PVC, kwa kuwa huacha ute wa kijani juu ya sarafu.

Kwa anayependa simulizi za watu na yuko radhi kuacha nafasi tupu, watawala. Kwa anayetaka vipande vichache vya kuonyesha wageni, picha, na asizidishe. Kwa anayetaka kusoma, kulinganisha na kukamilisha kitu kwa fedha za kawaida, viwanda 13 vya miaka ya 330 hadi 335. Atakayevimaliza na bado ana hamu ningempeleka kwenye mji mmoja tu, Aleksandria, kwa sababu ndicho kiwanda cha Afrika kilichodumu kuliko vyote: kilianza kufua sarafu za mfumo wa Diocletianus, kikapita kwenye askari wawili, adui aliyeanguka na farasi wake na vipande vya gramu moja vya Theodosius, na katika karne ya 6, wakati Konstantinopoli inafua vipande vikubwa vya nummi 40 (nummi ni kipimo kidogo kabisa cha sarafu za wakati huo) vyenye herufi M, chenyewe kikashika kipimo chake cha nummi 12 chenye herufi IB, ambacho kiliendelea kufuliwa hata baada ya Waarabu kuutwaa mji.